Kibali Kwanza, Gari Baadaye

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nimeletewa barua na akina mama sita wa hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu wamekuwa wakichangishana fedha kila mwezi, na safari hii, badala ya kugawana, wamekubaliana wasafiri pamoja kwenda kuwaona gorila wa milimani. Mweka hazina wao ananieleza kwamba wamepata wakala wa utalii anayedai dola 800 kwa kila mmoja kuwa ni bei ya kibali peke yake, gari na malazi mbali. Anataka nusu ya fedha zote itumwe kwa simu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi zitachukuliwa na wengine. Mama huyo anauliza: je, wamlipe?

Nimemjibu kwamba wasitume hata senti moja mpaka wapate majibu ya maswali fulani. Kwa kuwa najua wako wengine wengi wanaopanga safari kama hiyo, wawe wanandoa wapya au wazee waliostaafu, nimeona maswali yenyewe niyaseme hapa mbele ya watu wote.

Kwanza tuelewane juu ya jina la mnyama. Watanzania wengi tukisikia sokwe, akili inakwenda Gombe na Mahale, kwa wale ambao hasa ni sokwe mtu. Gorila ni mwingine kabisa. Dume lake lililopevuka, lile lenye mgongo wa rangi ya fedha, hupita kilo 150. Huko Uganda msitu wa Kibale unasifika kwa sokwe mtu, na Bwindi kwa gorila. Vibali vyake ni tofauti na bei zake ni tofauti. Nalisema hili mapema kwa sababu tangazo la "safari ya kuona sokwe" laweza kuwa la kweli tupu, na bado likakufikisha kwa mnyama ambaye hukumkusudia.

Gorila wa milimani wanaishi sehemu mbili tu duniani. Moja ni milima ya volkano ya Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo zinapakana humo. Nyingine ni msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande cha Sarambwe upande wa Kongo. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 iliwapata 604 huko Virunga, na ile ya mwaka 2019 ikawapata 459 huko Bwindi na Sarambwe. Ukijumlisha ni 1,063. Wale wanaoonekana katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani ni wa jamii nyingine, wa nyanda za chini.

Kwa uchache huo, ni dhahiri kwamba hawawezi kuachiwa kila anayepita. Kundi la gorila lililozoeshwa kuwaona binadamu, kazi ambayo huchukua miaka miwili au zaidi, hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, nao hukaa nalo saa moja tu. Basi unachokwenda kununua ni nafasi moja katika hizo nane, katika tarehe moja. Nafasi hiyo si mali ya kampuni yoyote ya utalii. Uganda inauzwa na Mamlaka ya Wanyamapori, ambayo wenyewe huiita UWA. Rwanda inauzwa na Bodi ya Maendeleo, yaani RDB. Wakala mwenye ofisi ya vioo na wakala mwenye meza moja chini ya ngazi wote wananunua kutoka dirisha lile lile. Kwa hiyo anayekuambia ana "bei maalumu ya kibali" kwa kuwa ana watu wake huko ndani, muogope.

Sasa turudi kwenye zile dola 800. Katika bei zilizoanza kutumika Uganda Julai 2024, dola 800 ni za mgeni asiyeishi nchini humo. Mgeni anayeishi huko hulipa dola 700. Mwafrika kutoka nje ya Jumuiya yetu hulipa dola 500. Raia wa nchi za Afrika Mashariki, na Mtanzania akiwemo, hulipa shilingi 300,000 za Uganda, ambazo hazifiki dola 100. Piga hesabu kwa watu sita: tofauti inapita dola 4,000. Fedha hizo zinatosha kulipia gari, malazi na nauli, na pengine zikabaki za khanga.

Sitaki kumhukumu wakala ambaye sijamsikia kwa masikio yangu. Yawezekana amezoea kuhudumia wageni kutoka ng'ambo, akanakili bei yake ya kila siku. Yawezekana pia anajua sana anachokifanya: anunue kwa 300,000, auze kwa 800 za dola, na akina mama warudi nyumbani wakimshukuru. Hali ni ile ile katika mkoba wa mweka hazina. Rwanda nako kibali cha mgeni kilipandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500 mwezi Mei 2017, bei iliyozua kelele nyingi wakati ule, lakini raia wa Jumuiya wamewekewa dola 200. Tumezoea kusema hifadhi ni za Wazungu. Karatasi za bei zinasema vingine, ila hazibandikwi kwenye madirisha ya mawakala wetu.

Swali la kwanza kwa wakala, basi, ni hili: "Mimi ni Mtanzania mwenye pasi, utaninunulia kibali cha bei gani?" Akisitasita, au akisema bei ya wenyeji haipatikani kupitia kampuni, agana naye kwa adabu. Ukweli ni kwamba inapatikana, mradi pasi ionekane wakati wa kununua na ionekane tena siku ya kuingia msituni. Kwa hiyo jina kwenye kibali lazima liwe lile la kwenye pasi, herufi kwa herufi. Mama Asha wa mtaani lazima aandikwe jina lake la serikalini.

Swali la pili ni kibali chenyewe kiko wapi. Mawakala wengi watakuambia "tumeshawawekea nafasi". Maneno hayo si kibali. Kibali ni karatasi yenye jina lako, tarehe, jina la hifadhi na, kwa upande wa Bwindi, mlango utakaoingilia. Omba nakala yake, kisha andika au piga simu kwa mamlaka iliyokitoa uulize kama kweli kipo. Wengine wanaona haya kufanya hivyo, wakidhani ni kumdharau mfanyabiashara. La hasha. Mwaka 2023 Uganda yenyewe iliwasimamisha kazi baadhi ya wafanyakazi wa mamlaka yake kupisha uchunguzi wa udanganyifu katika vibali hivi hivi vya gorila. Kama mwenye duka anakagua karani wake, mnunuzi anaona haya ya nini?

Na malipo yafuate mpangilio huo. Toa kwanza fedha za vibali tu, katika akaunti ya benki yenye jina la kampuni, si namba ya simu ya mtu. Vibali vikishathibitishwa, ndipo ulipe sehemu ya gari na malazi. Wakala mwaminifu hakasiriki kwa mpango huu, kwani hata yeye hulazimika kulipia kibali mapema kwa fedha taslimu. Uliza pia leseni yake. Uganda kuna Bodi ya Utalii inayotoa leseni, na kuna chama cha makampuni ya utalii, AUTO, kilichoundwa mwaka 1995. Rwanda leseni hutolewa na RDB. Leseni haimfanyi mtu kuwa malaika, lakini humpa mteja mahali pa kupeleka malalamiko.

Hapa msikilizaji mwerevu ataniuliza: kama kibali kinauzwa na serikali, na mtu binafsi anaruhusiwa kujinunulia, wakala wa nini? Ni swali zuri, na jibu lake ni barabara.

Chukua msitu wa Bwindi. Kwenye ramani ni kidoa kidogo, kilomita za mraba zipatazo 320. Lakini una milango minne: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga kusini na Nkuringo kusini-magharibi. Gari halipiti katikati ya msitu kukutoa Buhoma kukupeleka Rushaga. Linazunguka milima, katika njia za udongo zenye kona juu ya kona, mwendo wa saa kadhaa hata siku ya jua. Mvua ikinyesha usiku, Mungu ndiye ajuaye. Wageni nao hutakiwa kuwa mlangoni asubuhi na mapema kuandikishwa na kupewa maelekezo, kwa sababu wafuatiliaji wameshatangulia kutafuta mahali gorila walipolala. Asiyefika huachwa, na fedha yake huenda ikapotea.

Sasa wako mawakala ambao hawajawahi kukanyaga huko. Wanaijua Buhoma kwa kuwa ndiko utalii wa gorila ulikoanzia Bwindi mwaka 1993 na ndilo jina lililoenea. Wanakodi vyumba Buhoma, halafu vibali vikitoka vinakuwa vya Rushaga kwa kuwa Buhoma kumejaa. Mgeni analala upande mmoja wa milima na gorila wake yuko upande wa pili. Ndiyo maana mimi, ningepewa swali moja tu la kumpima wakala, ningemuuliza hivi: kibali changu ni cha mlango gani, usiku wa kuamkia siku hiyo nitalala wapi, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni muda gani kwa gari? Anayeijua kazi hujibu papo hapo, tena hukuambia na barabara ilivyo mwezi huo. Asiyeijua huanza kukusifia chakula cha hoteli.

Muulize vilevile atakupitisha wapi. Kutoka Kampala hadi Bwindi ni safari ya kutwa nzima, saa nane hadi kumi. Kwa anayetoka Dar es Salaam kwa ndege, Kigali ni karibu zaidi: unashuka, unavuka mpaka Gatuna au Cyanika, na mchana huo huo uko kusini mwa Bwindi. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali hizo mbili, ukafunguliwa tena Januari 2022, na safari nyingi zimerudi njia hiyo. Lakini gari la Kigali likiingia Uganda linahitaji karatasi zake na bima ya kuvukia, na dereva wake anatoka nchi ya kuendesha kulia anaingia nchi ya kuendesha kushoto. Taka kujua kama dereva mwenyewe ameshapita huko, maana aliyeandika barua ya bei hatakuwa nawe kwenye zile kona.

Rwanda kuna mtego wa namna yake. Huko wageni wote hukusanyika Kinigi, karibu na mji wa Musanze, saa moja asubuhi. Hapo hapo ndipo hugawanywa katika makundi ya wanane wanane, kisha kila kundi hupanda magari kwenda pale njia ya miguu inapoanzia. Magari hayo si ya hifadhi. Kila mgeni huja na lake, na liwe gari la kuhimili mawe. Kuna mipango ya bei nafuu ambayo hukufikisha Musanze tu na kukuacha hapo, na mgeni hugundua saa moja asubuhi kwamba ana kibali lakini hana usafiri wa kilomita zilizobaki. Na wakala akikuahidi kwa uhakika kundi fulani la gorila, labda la Susa lililojulikana tangu enzi za Dian Fossey, jua kwamba anaahidi kilicho mikononi mwa mwingine. Mgawanyo hufanywa na watu wa hifadhi asubuhi ile, wakitazama nani ana nguvu za kupanda na nani hana.

Juu ya nguvu, mmoja wa akina mama wetu ana miaka 67. Nimemwambia asikate tamaa. Kuna siku gorila hupatikana baada ya nusu saa na kuna siku ni baada ya saa sita za kupanda na kushuka ndani ya matope. Wakala makini huuliza umri na afya za wateja wake kabla hujamwambia, na huwaarifu watu wa hifadhi mapema. Kuna wapagazi wa kumshika mkono na kumbebea begi, na mambo yakizidi kuna machela inayobebwa na vijana wa kijiji kwa malipo ya pembeni. Akikuambia kwamba "ni matembezi mepesi tu", huyo hajapanda.

Upande wa Kongo nitasema kwa kifupi. Virunga ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kibali chake kilikuwa rahisi kuliko vya majirani. Lakini Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa huko na askari mmoja wa kike wa hifadhi akauawa. Tangu mwisho wa 2021 vita vya M23 vilirudi katika eneo lenyewe la gorila, na Januari 2025 Goma ikatekwa. Anayekuuzia safari ya huko kwa unafuu wa bei anakuuzia hatari yako mwenyewe. Ndugu zetu wa Kongo wanastahili amani na watalii pia, lakini sitamshauri mtu apeleke fedha za kikundi huko kwa sababu wakala amesema pametulia.

Kuna swali jingine ambalo wateja hawaliulizi kabisa: itakuwaje mmoja wetu akiamka na mafua? Gorila huambukizwa maradhi yetu ya kifua, tena kwao mafua si jambo la kulala siku mbili. Mwaka 2009 kundi la Hirwa huko Rwanda liliingiwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na wawili wakafa, jike mzima na mtoto mchanga. Wataalamu walikuta kirusi cha binadamu. Ndiyo sababu mwenye umri chini ya miaka 15 haruhusiwi, barakoa huvaliwa, umbali wa mita 10 hutakiwa, na anayekohoa huzuiwa mlangoni. Wakala atakayekupa kwa maandishi utaratibu wa mtu aliyezuiwa, ni kiasi gani kitarudi au kama tarehe yaweza kusogezwa, huyo ameshafikiria. Yule atakayekunong'oneza umeze dawa ya kikohozi na ujikaze, au atakayejigamba kwamba humpa askari chochote ili wateja wake wasogee kwa ajili ya picha, huyo anauza kitu ambacho kikiisha hakuna kiwanda cha kutengeneza kingine.

Wengine watasema nazidisha, biashara ni biashara. Basi tutazame biashara. Katika kibali cha mgeni Uganda hutengwa dola 10 kwa ajili ya vijiji vinavyopakana na msitu; Rwanda tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya hifadhi huenda kwa wananchi. Utalii ulipofungwa kwa ajili ya Covid-19, fedha za vijijini zilikauka, na Juni 2020 dume maarufu Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki wa mwindaji. Kwa hiyo uliza pia hoteli yenu ni ya nani, na wapagazi wanatoka wapi. Na kama ratiba ina "ngoma ya Wabatwa", uliza wachezaji wanalipwa shilingi ngapi na nani anawakabidhi. Watu hao waliondolewa katika misitu ile mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi, na si haki wacheze kwa ajili ya mkoba wa mtu mwingine.

Yamebaki mambo madogo. Miezi ya ukame, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari, vibali huwahiwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayekuahidi nafasi sita za Julai juma lijalo mtake aonyeshe karatasi. Miezi ya mvua nafasi hupatikana kwa urahisi zaidi, ila matope nayo yako tele. Mtanzania abebe pasi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Uganda huitaka mpakani. Ichanjwe siku kumi au zaidi kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki, na hilo wakala huwa analikumbuka mkiwa tayari mmesimama kwenye foleni ya Gatuna.